Mama Mkwe Hajalalamika

Mimi nilikuwa mwosha chupa. Niliseme hili mapema, kabla hamjasikia kwa wengine kwamba niliwahi kuitwa injinia. Kwenye karatasi za kiwanda niliandikwa msaidizi wa maabara, na maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye sinki, kabati la dawa, mizani iliyofunikwa kwa fulana kuukuu, na dirisha lililotazama milima ya Uluguru. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kupima ukali wake, kuandika kwenye daftari na kuosha chupa. Mkuu wa maabara alipopata nafasi Dar es Salaam alikwenda na hakurudi, wala hakuletwa mwingine, maana miaka ile serikali ilikuwa imechoka na viwanda na kila siku tuliambiwa wanunuzi wako njiani. Basi nikabaki mimi, na funguo zikabaki kwangu.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kusindika ngozi. Anayeijua kazi hiyo hahitaji kuelezwa, na asiyeijua ashukuru Mungu. Ngozi zinakuja zimetiwa chumvi, zinalowekwa, zinawekewa chokaa na dawa ya kunyonyoa manyoya inayonuka mayai viza, kisha zinatiwa kromu, dawa ya rangi ya buluu inayozifanya zisioze. Kila hatua ina maji yake, na kila maji yana uchafu wake, mzito, mkali, si uchafu wa kunawa mikono. Zamani yalikuwepo mabwawa ya kuyatuliza. Pampu zikafa, vipuri havikuja, mabwawa yakajaa tope na magugu, na maji yakajitafutia njia. Njia yenyewe ilikuwa mfereji uliopita chini ya uzio wa nyuma, ukaingia kwenye matete, ukaibukia kwenye bustani ya mama mkwe wangu.

Naam. Katika watu wote wa Morogoro, maji yetu yalimchagua mama mkwe wangu.

Alikuwa mjane, Mluguru wa Mlali aliyeolewa mjini, na alikuwa na matuta saba ya mchicha, matembele, figiri na ngogwe, zile nyanya chungu, aliyoyalima tangu kabla kiwanda hakijajengwa. Alikula humo, alivaa humo, na wadogo wa mke wangu walisomeshwa humo. Hakuwa na kitu kingine. Bustani ile ikifa, ingembidi awe mtu wa kuomba, na kuomba ni kazi ambayo mama yule hakuwahi kujifunza.

Sasa niwaeleze kidogo habari ya ukwe. Kwa watu wa mke wangu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hamtazamani usoni. Hamli pamoja. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini, na aliyeingia siku zote ni mimi. Suruali zangu zilibeba mbegu za kila gugu la wilaya ile. Nikienda kumsalimia nilisimama nje ya mlango, "Shikamoo mama," naye akaitika kutoka ndani, "Marahaba, baba," na ukiondoa hayo kila neno letu lilipita kwa mke wangu. Mimi nimetokea Singida. Kwetu wakwe tunawaheshimu, lakini tunaongea nao. Mwanzoni adabu ile niliiona usumbufu mtupu. Baadaye niliizoea, na baadaye tena, nisiwafiche, ilinifaa sana.

Siku moja mke wangu alikuwa anakuna nazi. Hata hakuinua uso.

"Mama anauliza kama huko kazini kwenu mmebadilisha dawa."

"Kwa nini?"

"Anauliza tu. Tuta la mwisho mchicha unakuwa wa njano, unaungua ncha."

Mtu mwingine angekuja getini na panga. Mama mkwe wangu aliuliza tu. Moyo uliniuma, sisemi uongo. Nilikuwa nimekula mboga za mama yule miaka mingi, na maji yaliyomuunguzia mchicha nilikuwa ninayapima kila asubuhi na kuyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nilijiapiza kwamba bustani ile haitakufa mimi nikiwepo. Laiti ningeishia kwenye kujiapiza.

Mkuu wangu aliyeondoka alikuwa ameacha magazeti ya kitaalamu ya Kiingereza, yametafunwa na mende. Kwenye mojawapo kulikuwa na picha ya chombo cha kusafisha maji makali ya viwandani kwa umeme. Kiingereza chake nilikielewa nusu, na nusu nyingine nikaijaza mwenyewe. Habari yenyewe ni rahisi kuisimulia. Unatumbukiza mabati mawili ya chuma ndani ya maji machafu, moja unaliunga na upande mmoja wa umeme wa betri, jingine na upande wa pili, umeme unapita majini. Chuma kinaliwa kidogokidogo. Kile kilichoyeyuka kinaukamata uchafu, uchafu unagandamana mabongemabonge, mengine yanapanda na mapovu, mengine yanazama. Katikati yanabaki maji.

Nikachukua vipande viwili vya bati la pipa, chaja ya betri ya lori, na ndoo. Maji ya kromu yalikuwa makali mno, kwa hiyo nikachota kikombe kimoja tu, nikakichanganya na ndoo nzima ya maji ya bomba. Hapo pakumbukeni: kikombe kimoja, ndoo nzima. Nikawasha. Mapovu yakaanza kupanda kama uji unaotaka kuchemka, buluu ikageuka kijani, kijani ikaanza kujikusanya, na baada ya saa moja hivi tope lilikuwa limelala chini na juu kumebaki maji meupe pe. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu. Sikujiuliza hata kidogo ni usafi upi ulitokana na umeme na upi ulitokana na bomba.

Maji yale niliyatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikawa natembea nayo kwenye mfuko wa shati. Jamani, niliwasumbua watu! Niliionyesha baa. Niliionyesha kwenye kikao cha harusi, watu wamekaa kujadili ukumbi, mimi nasimama na chupa. Nilimwonyesha fundi viatu wa pale kona, akaifungua, akainusa, akaniuliza kama ni gongo. Nilimhurumia kwa kutokuelewa sayansi.

Meneja wetu ndiye aliyeelewa. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyekuwa anatafuta chochote cha kuwaonyesha wanunuzi kisichokuwa na kutu. Aliinua chupa akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili ni jambo kubwa," alisema. "Injinia, endelea."

Injinia! Nilitoka ofisini nikiwa nimevimba hata nikamsahau aliyenifanya nianze.

Nikapewa pipa kubwa la plastiki, mabati kumi na mawili na chaja mbili. Safari hii hakukuwa na maji ya bomba. Yaliingia maji jinsi yalivyotoka kwenye ngozi, na chumvi yake yote. Loo! Maji yenye chumvi namna ile yanaupokea umeme kwa pupa. Pipa likachemka. Povu la kahawia likapanda, likamwagika, likatufuata mpaka mlangoni. Ikatoka harufu ile ya dawa ya kusafishia vyoo, tukatokwa na machozi kama wafiwa, chaja moja ikafuka moshi, na ofisi ya karani ikabaki giza mchana kweupe. Nikapunguza umeme, nikapunguza maji, nikajaribu tena. Wiki ya pili nilipoyatoa mabati yalikuwa yametobokatoboka kama chekeche. Na hapo nilikuwa ninasafisha nini? Pipa moja kwa siku, nalo nusunusu, tena siku ambayo mgao wa umeme haujatuangukia sisi. Kiwanda kilikuwa kinatoa maji ya kujaza nyumba.

Mtu mwenye akili angesema hapa nimeshindwa. Mimi nilisema tuko kwenye majaribio, na neno hilo lilinisitiri mwaka mzima. Maji mengine yote yaliendelea kupita mferejini kama zamani, mimi nikishughulika na pipa langu moja.

Halafu kulikuwa na tope. Gazeti bila shaka lilieleza tope lifanywe nini, lakini maelezo hayo yalikuwa kwenye ile nusu niliyoijaza mwenyewe. Uchafu ulipotoka kwenye maji haukupaa mbinguni. Ulikuwa pale chini ya pipa, mzito, kijani, umekusanywa vizuri na umeme wangu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kila Ijumaa nilikuwa ninausomba kwa koleo na kuumwaga nyuma ya uzio. Na nyuma ya uzio, ndugu zangu, ndipo penye mfereji.

Kilichonipa kiburi ni mboga. Kila Jumamosi mke wangu alikwenda kumwona mama yake na kurudi na kikapu. Kabla ya mashine, mboga zilikuwa zimeanza kuja chache, na majani ya njano pembeni. Miezi michache baada ya mashine zikawa zinakuja nono, za kijani kilichokolea, figiri lenye majani mapana hata unaweza kujifunika.

"Umeona?" nilimwambia mke wangu siku moja, nimenyanyua fungu la matembele. "Huu ni umeme huu."

Alinitazama, akachukua kisu, akaanza kuchambua.

"Mama anasemaje kuhusu maji?"

"Hajasema kitu."

"Hajalalamika?"

"Hajalalamika."

Nikala nikashiba. Ningeweza kwenda kuangalia kwa macho yangu. Kutoka getini mpaka bustanini hapakuwa na mwendo wa dakika kumi. Lakini mkwe hazururi kwenye bustani ya mama mkwe. Utamkuta amefunga kanga kiunoni, ameinama anapalilia, itakuwa aibu kwenu wote wawili. Ndivyo nilivyokuwa ninajiambia. Adabu, bwana.

Ikafika siku meneja akaniita, akafunga mlango. Mnunuzi amepatikana, alisema, mtu mwenye uwezo, lakini ameuliza habari ya maji machafu, hataki kununua kesi. Niandike ripoti. Niliandika kurasa nne. Nilichora pipa, nikachora mabati, nikaandika chanya na hasi kwa wino mwekundu. Na kwenye ukurasa wa nne, mahali panapotakiwa ushahidi, niliandika hivi: maji yanayotoka kiwandani yanatumiwa na mkulima jirani kumwagilia mboga, na mkulima huyo hajalalamika.

Msomaji, mimi nimesoma sekondari, nikasoma chuo miaka miwili. Nimefundishwa kupima kromu, vifaa ninavyo, na chumba kina funguo mfukoni mwangu. Ushahidi nilioupeleka ukawa kimya cha mama mkwe. Kimya cha mama mkwe kwa mkwewe! Hata ningemchomea nyumba asingelalamika; angeuliza tu, kupitia kwa mke wangu, kama tumebadilisha kiberiti.

Meneja aliipenda ripoti. Aliupenda hasa ukurasa wa nne.

"Mgeni atataka kumwona huyu mkulima," alisema. "Kesho kutwa tutampeleka."

Nikarudi nyumbani na habari hiyo kama niliyeshinda bahati nasibu. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Nilimwambia kwamba mnunuzi anakuja kuona bustani ya mama, na kwamba mumewe sasa anakwenda kujulikana. Akasimama na shati langu mkononi.

"Bustani ya mama? Lazima?"

"Ndiyo ushahidi wenyewe."

Alimaliza kuanua, akajitanda kanga, akasema anakwenda kwa mama yake mara moja. Siku iliyofuata alikwenda tena, akashinda na kulala huko. Nikafikiri wanafagia.

Mnunuzi alikuwa mzee mnene, mpole, viatu vizuri, mtu anayesikiliza. Alizunguka kiwanda chote akigonga kuta kwa kiganja na kutazama mapaa. Pipa langu alilipita kwa hatua ndefu. Kisha meneja akasema twende tukamwone mkulima, tukashika njia ya nyuma ya uzio, mimi mbele, meneja na mzee nyuma yangu, tukapita kwenye matete.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia bustani ile, na nikiri kwamba ilinitoa machozi ya furaha. Matuta saba, yote ya kijani, mistari imenyooka kama ya madaftari ya shule. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye migomba upande wa mbali, ametupa mgongo, kanga imemfunika kichwa, kama inavyopasa mkwe akiwepo. Nilimsalimu kwa mbali, nimeinamisha macho. Meneja naye akamsalimu.

"Mama, haya maji ya kiwanda yanakusumbua?"

"Hayana neno," alisema, anaongea na migomba. "Mkwe wangu ndiye anayeyasafisha."

Nilimtazama mnunuzi kuona kama amesikia. Alikuwa amesikia. Tena alifurahi, maana kumbe alikuwa mtoto wa wakulima, na mbele ya tuta la mboga kila mtoto wa mkulima anapata hamu ya kugusa.

"Mchicha kama huu sijauona siku nyingi," alisema. Akainama, akashika shina moja karibu na udongo, akavuta.

Shina likatoka bila kushikwa na kitu. Lilikuwa halina mizizi. Chini limekatwa kwa kisu, mkato safi, wa mshazari. Akaligeuza, akalitazama, akavuta jingine. Nalo vilevile. Akavuta la tatu, likaja kundi zima, mashina sita yamefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, fungu kamili kama linavyopangwa sokoni, limechomekwa ardhini na kufukiwa kidogo.

Ndipo nilipouangalia udongo kwa mara ya kwanza, badala ya kuangalia majani. Ulikuwa umeota ukoko mweupe, na kwenye tuta la mwisho, lililo karibu na mfereji, ukoko wenyewe ulikuwa wa kijani. Kijani kile nilikuwa ninakijua. Nilikuwa nimekisomba kwa koleo Ijumaa ngapi.

"Nadhani hii ni mbegu mpya," alisema meneja. Wallahi alisema hivyo.

Mabega ya mama mkwe yalikuwa yanatikisika. Kwa dakika moja nilidhani anacheka, nikatamani awe anacheka. Alikuwa analia, amejiziba mdomo kwa pindo la kanga ili mkwewe asisikie.

Mnunuzi akaniuliza mimi, taratibu, fungu la mchicha bado liko mkononi, "Injinia, haya maji ni safi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Maneno yote mazuri ya kurasa nne hayakuwepo.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hayajawahi kuwa safi. Na hilo tope la kijani ni langu."

Nilimsikia meneja akivuta pumzi. Nilijua nimekiua kiwanda, nimeziua kazi za watu wote, yangu ikiwa ya kwanza. Nililia moyoni kwa ajili ya yule mama. Na bado, Mungu anisamehe, kona moja ya moyo ilikuwa inajipongeza kwa ushujaa. Nikangoja radi.

Mnunuzi akayarudisha mashina yale, moja moja, kwenye mashimo yake. Akapangusa mikono.

"Wala usijisumbue," alisema. "Mimi ninataka maghala tu. Ngozi sina mpango nazo."

Akamgeukia meneja na kumuuliza habari ya paa la ghala la tatu, kama linavuja. Yaani hata ukweli wangu ulikosa mteja. Wakarudi kwa njia ya matete wakizungumza mabati, nami nikawafuata nyuma, maana kubaki pale na mama mkwe peke yetu ilikuwa mwiko, na safari hii nilishukuru mwiko upo.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amekaa kwenye kigoda, mikono imekwaruzika, kucha zimejaa udongo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tuta la mwisho, tangu umeanza ile mashine. Mengine yalifuata. Mpaka Pasaka yote yalikuwa yamekwisha."

"Na mboga za kila Jumamosi?"

Akatazama pembeni. Mama yake alikuwa anakwenda Mlali kila Ijumaa, alisema, kwa wadogo zake wa kiume, anawaomba mboga. Anagawa mafungu mawili: moja anauza apate chakula, moja linaingia kwenye kikapu changu. Hata zile za kuchomeka matutani walikuwa wamezifuata huko jana, wakazibeba kichwani mpaka barabarani, wakafanya kazi mpaka alfajiri hii.

Yule mama asiyejua kuomba. Alikuwa ameomba miezi yote ile, kwa wadogo zake wa kiume, watu aliowabeba mgongoni, ili mimi nishike fungu la matembele nimwambie binti yake kwamba huu ni umeme. Nililia kweli, sikujificha. Mke wangu hakuninyamazisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema unafanya kazi kubwa, tusikuvunje moyo, maji yatakaa sawa." Akajifuta udongo kwenye magoti. "Na wewe kila siku unaniuliza kama amelalamika. Hujaniuliza hata siku moja kama mboga zipo."

Kiwanda kilinunuliwa na kikafungwa. Tuliondoka wote, meneja, mlinzi, na injinia mwenyewe. Mashine za ngozi zilikatwa zikaenda kama chuma chakavu, na ndani ya majengo yakaingia magunia. Masika yakaja, milima ikafunikwa na ukungu wiki nzima, mvua ikausuuza mfereji mpaka ukabaki mchanga mtupu, na maji yaliyopita humo yakawa meupe hata unaona kokoto chini.

Ndipo mji uliponipongeza. Fundi viatu aliniita nikivuka barabara.

"Injinia! Mashine yako imejibu! Nimeyaona maji, yamekuwa kama ya kwenye ile chupa."

Nikamwambia hapana, ni kiwanda kimefungwa. Akacheka, akamwambia mteja wake kwamba unaona, wasomi wa kweli hawajisifu. Nikawaambia na wengine. Kadiri nilivyokataa ndivyo sifa zilivyozidi. Wakati nilipokuwa ninadanganya nilihitaji chupa na ripoti. Sasa ninasema kweli kila kona, na hakuna anayenisadiki.

Mtu mmoja tu ndiye niliyekuwa sijamwambia kitu. Nilifanya kama inavyotakiwa: nikamtafuta mshenga, yule yule aliyeniposea, mzee mwenye maneno laini, nikampa kanga doti moja na kuku, akaniombee radhi. Alikwenda asubuhi. Adhuhuri akarudi, kuku kwapani.

"Amekataa," alisema. "Amesema kanga anazo, na huyu kuku atamparuria miche. Amesema uje mwenyewe, na uje na jembe."

"Mwenyewe? Tuongee?"

"Na mimi nilimuuliza hivyohivyo. Amesema wewe mwenyewe."

Nilikwenda kesho yake, jembe begani. Nilipotokeza kwenye matete nilimwona amesimama katikati ya njia, na miguu yangu, kwa mazoea, ikaanza kuingia majanini.

"Usiingie huko," alisema. "Simama hapo hapo."

Nikasimama. Alikuwa ananitazama usoni. Miaka yote ile ya ukwe sikuwa nimewahi kuyaona macho yake, na sikuwa najua kwamba la kushoto lina mtoto wa jicho, limeshaanza kuwa jeupe. Nikampa shikamoo, akaitika. Kisha akageuka, akatangulia, nami nikamfuata kati ya matuta. Alikuwa ameuparua ukoko wote, akaleta udongo mwingine kwa karai, akapanda upya. Kwenye matuta sita mchicha ulikuwa umechomoza, mdogo, hafifu, majani mawilimawili.

Akasimama kwenye la saba. Lilikuwa tupu.

"Haya sita nimeyarudisha mimi," alisema. "Hili ni la tope lako."

"Ndiyo, mama."

"Nimepanda mara tatu. Mbegu inaoza. Wewe ndiye uliyesoma. Litapona lini?"

Nilifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, si ya kukosa. Ningeweza kumweleza chumvi, ningeweza kumweleza kromu na chuma, ningeweza kusema tuko kwenye majaribio. Alikuwa anasubiri na karai lake kiunoni, na jicho lile moja zima halikuniachia.

"Sijui, mama," nikasema.

Akatua karai chini.

"Haya," alisema. "Sasa tunaweza kuongea."

Akanionyesha nianzie upande wa mfereji.